Namna ya kuwatazama minandi wa ghuba za Entebbe bila kuwatimua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuwe tumeshaondoka mwaloni. Hilo hulisema kwenye simu kabla hata ya kuelewana bei, maana wageni wanaotujia kutoka Nairobi, Mwanza au Goma hupenda kulala kidogo, wanywe chai taratibu, kisha wafike saa nne wakiuliza ndege wako wapi. Saa nne ndege wapo, ila na upepo nao upo.

Mimi nilizaliwa Ukerewe nikaolewa huku, na tangu nilipojifungua mapacha hakuna mtu mwaloni anayeniita kwa jina langu. Mimi ni Nnalongo, mume wangu ni Ssalongo. Yeye hushika injini, mimi hushika darubini. Anayetaka korongo nyangumi tunamwelekeza kwa wenzetu wa kinamasi cha Mabamba, wanaomjua ndege yule kuliko sisi. Kazi yangu mimi ni minandi, wale ndege weusi wanaokaa juu ya miti mikavu, ambao wageni wengi huwapita wakikimbilia kitu kingine. Haya ndiyo ninayowaambia wanaotaka kuwatazama, wawe nami au wawe na nahodha mwingine yeyote.

Kwanza upepo

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Jua likishapasha ardhi unageuka, unatoka ziwani kuja ufukweni, na kadiri mchana unavyokwenda ndivyo mawimbi yanavyokua. Kati ya zamu hizo mbili kuna kipindi cha asubuhi ambacho maji ya ghuba hulala kabisa, na ndicho tunachokitafuta. Mnandi anayevua kwenye maji yaliyolala unamwona akizama na unaona anapoibukia. Kwenye mawimbi utaona shingo mara moja, kisha umpoteze.

Ila asubuhi ina hila yake. Ule upepo wa usiku hukusanya mawingu juu ya ziwa, na radi nyingi za huku hupiga usiku wa manane hadi alfajiri, hasa miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba. Ukifika mwaloni ukakuta upande wa kusini kumesimama wingu jeusi, na chini yake maji yamebadilika rangi kama risasi, hatutoki. Nunua kapu la chapati, kaa kwenye benchi, tusubiri. Nahodha anayekwambia "twende tu, litapita" mwache aende peke yake. Na jaketi ya kuokolea huvaliwa na kufungwa vifungo vyote tangu ufukweni. Ikilaliwa kama mto ni godoro tu.

Kuchagua ghuba nako ni kusoma upepo. Tazama gugu maji lilikojikusanya. Mmea ule hauna mzizi uliokamata ardhi, unakwenda unakosukumwa, kwa hiyo pembe ya ghuba iliyojaa gugu maji ni pembe inayopigwa na upepo kwa siku hizo. Upande wa pili, nyuma ya rasi au nyuma ya ukuta wa mafunjo, ndiko kwenye kinga, na ndiko samaki wadogo wanakojificha. Gugu lenyewe liliingia upande wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, likafunga mialo mizima, hadi wadudu walioachiliwa kulila walipolipunguza miaka ya 1990. Halijaisha. Likiingia kwenye rafadha ya injini utapata nafasi ya kujifunza kupiga kafi.

Nani ni nani

Ziwani kwetu kuna minandi wa aina mbili, na kuna mbizi, ambaye si mnandi ila kila mgeni humwita mnandi.

Mnandi kidari-cheupe ndiye mkubwa, karibu mita moja kutoka mdomo hadi mkia. Mwili mweusi, koo na kidari vyeupe kabisa, na ukimpata kwenye darubini jua likiwa mgongoni kwako utaona jicho la kijani linalong'aa. Mnandi mkia-mrefu ni mdogo, kama nusu ya huyo, mkia mrefu kwa mwili wake, mdomo wa manjano na jicho jekundu. Wakati wa kuzaliana anakuwa mweusi, mabawa yamepakwa fedha kama magamba, na kijishungi kifupi kinasimama juu ya paji la uso.

Wengi hudanganyika hapa: mkia-mrefu ambaye bado mchanga ana rangi ya kahawia na tumbo lililopauka, karibu jeupe. Mgeni akiona weupe anapiga kelele kuwa ni kidari-cheupe. Usitazame rangi, tazama ukubwa na umbo. Mkubwa ana shingo nene na mdomo mzito, hukaa kama mzee wa baraza. Mdogo ana kichwa kidogo na mdomo mfupi, na mara nyingi utamkuta kwenye unyasi mwembamba ambao mkubwa angeuvunja.

Mbizi mtambue kwa shingo. Ina kikunjo katikati, nyembamba mno, na mdomo wake umenyooka na kuchongoka bila ndoano mwishoni. Mnandi ana ndoano ile ncha ya mdomo, kwa sababu yeye humkamata samaki kwa kumbana, mbizi humchoma. Majini mbizi huzamisha mwili wote akaacha shingo tu juu, hata mtoto wa mwaloni ambaye hajawahi kushika darubini atakwambia ni nyoka.

Mahali pa kuwakuta

Tafuta weupe. Mwamba, nguzo au mti uliopakwa chokaa ya kinyesi ni kituo cha kila siku, hata kama muda huo hakuna ndege juu yake. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kuipita rekodi ya 1964. Sisi tuliokuwa na vibanda ufukweni tunaukumbuka kwa mengine, lakini miti iliyozama miguu ikafa imesimama ndiyo leo viti vya minandi. Tazama pia vigingi vya nyavu na mitumbwi mibovu iliyotelekezwa. Kidari-cheupe hupenda mahali palipo wazi, karibu na maji yenye kina. Mkia-mrefu hupenda kingo za mafunjo, kwenye kina kifupi, anakovua nkejje (wale samaki wadogo wanaoitwa pia furu) na vyura.

Kuhusu kuanika mabawa, ambako ndiko kila mtu hutaka kupiga picha: manyoya ya nje ya mnandi hulowa. Bata halowi, kwa hiyo huelea juu kama kizibo. Mnandi maji humwingia, hewa humtoka, na hapo inamwia rahisi kuzama na kumfuata samaki kwa kusukuma miguu yake miwili, vidole vyote vinne vimeunganishwa kwa utando. Tabaka la ndani karibu na ngozi hubaki kavu, ndiyo maana hafi kwa baridi. Bei yake ni kwamba akitoka majini ni mzito, na lazima akae aanike. Ukimtimua wakati huo unamlazimisha kuruka na mzigo wa maji, na mara nyingi hataruka bali atajitupa tena ziwani, aanze upya. Kwa hiyo huyu aliyetandaza mabawa, ambaye unamwona kama amekukaribisha, ndiye anayetakiwa kuachiwa nafasi zaidi.

Akipata samaki, usiondoe darubini. Humleta juu akiwa amembana mbavuni, humrusha kidogo, humdaka, humgeuza hadi kichwa kitangulie, ndipo ammeze. Miiba ya mgongoni mwa ngege (jamii ya sato) hulala ukimpitisha kwa kichwa. Ukimpitisha kwa mkia husimama, ikaziba koo. Kidari-cheupe mwenye ngege mpana huweza kuhangaika naye muda mrefu, shingo ikivimba na kushuka, na hapo kwazi, tai mla samaki, aliye juu ya mti naye huwa anatazama.

Jinsi ya kusogea

Zima injini mbali. Ssalongo hupunguza mwendo kabla hatujaingia mdomo wa ghuba, huzima, hunyanyua rafadha, kisha hupiga kafi upande mmoja tu, bila kulibadilisha mkono kwa mkono, maana kinachomshtua ndege zaidi ni mkono unaopita juu ya vichwa vya watu. Usielekeze omo kwa ndege. Nenda kimshazari, kana kwamba unapita zako kwenda kwingine, na kila baada ya mwendo kidogo simama uache mtumbwi uelee.

Jua liwe nyuma yako, hilo kila mpiga picha anajua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba mnandi huruka kwa kuukabili upepo. Ukijiweka upande unakotoka upepo umemzibia njia, naye atahisi amefungiwa na ataondoka mapema zaidi. Jiweke pembeni, umwachie mlango wake.

Dalili za kwamba umefika mwisho ni hizi: shingo iliyokuwa imelegea hunyooka. Kichwa hugeuka kushoto, kulia, kushoto, akikupima kwa jicho moja moja. Mabawa hukunjwa hata kama hayajakauka. Kisha hunya. Akishakunya ameamua, na hata ukirudi nyuma hapo umechelewa. Kwa hiyo ile shingo ikinyooka tu, acha kafi, keti chini, zungumza na mwenzako kwa sauti ya kawaida. Kunong'ona hakusaidii kitu, ndege wa mwaloni wamezoea sauti za watu. Wanachokiogopa ni mtu anayesimama ghafla kwenye mtumbwi.

Nguo nyekundu au nyeupe hazijawahi kuniharibia kazi. Kofia zinazopeperuka, ndiyo.

Visiwani ni habari nyingine

Ziwa upande huu lina visiwa vingi. Ssese peke yake huhesabiwa kuwa visiwa 84, na kikubwa ni Bugala. Kwenda huko kuna feri ya Nakiwogo inayoondoka mchana kuelekea Lutoboka, safari ya zaidi ya saa tatu, au unazunguka kwa barabara hadi Bukakata, kule Masaka, uvuke bure kwa feri ya Luuku. Kwenye sitaha ya feri ya Nakiwogo simama mbele, si kwenye viti, kwa sababu minandi hupita chini kabisa karibu na maji, kwa mistari, na ukiwa umekaa huoni ila ukuta wa feri.

Lakini kisiwa chenye viota usikikanyage. Nalisema bila kuzunguka kwa sababu wageni hulipa hela nzuri kutaka kupelekwa, na wapo manahodha wanaopeleka. Minandi huzaliana kwa makundi, wakichanganyika na yangeyange na shakwe, na mayai yao ya buluu iliyopauka hulala kwenye matawi yaliyopangwa ovyo. Kinda wa mnandi hutoka kwenye yai uchi kabisa, ngozi nyeusi, hana hata unyoya wa kumkinga. Mzazi ndiye kivuli chake. Ukipanda ufukweni wazazi wote huruka kwa pamoja, jua la saa tano linawapiga makinda, na shakwe na kunguru, ambao hawakuogopi sana, wanatua kwenye mayai. Wewe unapiga picha za mawingu ya ndege angani, unafurahi.

Visiwa vya Musambwa, upande wa Sango Bay kule Kyotera, vinajulikana kwa kundi kubwa sana la shakwe kichwa-kijivu wanaozaliana pale, na minandi wa aina zote mbili wamo. Eneo lile pamoja na Mabamba na ghuba ya Lutembe liliwekwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukienda kule, zunguka kwa mtumbwi ukiwa mbali, upande unaokuletea harufu. Harufu itakwambia umekaribia kabla macho hayajakwambia: ni kali, inawasha pua kama mkojo wa zizini uliokaa juani. Miti iliyobeba viota kwa miaka hufa kwa kinyesi hicho hicho, kisha ndege huhamia miti ya jirani. Wapo wanaowalaumu minandi kwa hilo. Mimi nimeona panga likimaliza miti mingi zaidi ya kinyesi.

Na wavuvi

Mwalo si mbuga. Unaingia mahali pa kazi ya watu, kwa hiyo kabla ya kutoa kamera nenda kwa uongozi wa mwalo, salimia, sema umekuja kutazama ndege. Wengi tunazungumza Kiswahili, maana watu wengi wa mitumbwi wametoka Kenya, Tanzania au Kongo, lakini ukianza na "Ssebo" kwa mzee na "Nnyabo" kwa mama utapewa benchi. Askari wa ziwani usiwapige picha hata kwa mbali, wala boti yao. Msako wa uvuvi haramu uliwekwa mkononi mwa jeshi mwaka 2017 na watu bado wana hasira. Kamera ikielekezwa vibaya utaulizwa na pande zote mbili.

Wavuvi wa mukene, yaani dagaa, huvua usiku wa giza kwa taa, hurudi alfajiri na kumwaga samaki juu ya nyavu zilizotandazwa kukauka. Hapo utaona yangeyange, kunguru na korongo mfuko-shingo wakigombana na wanawake wa kuanika. Mnandi haji. Hapendi samaki wa mchangani, anataka anayekimbia. Ndiyo maana ninapomsikia mvuvi akisema ndege hawa ndio wamemaliza samaki, huwa namuuliza aniambie aliyemwona mnandi akibeba sangara wa kilo tano. Nkejje walipungua sana miaka ya 1980 baada ya sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, kuongezeka, na mnandi hakuhusika. Huwa tunacheka, kisha tunabishana tena siku inayofuata.

Pale mvuvi na mnandi wanapogombana kweli ni kwenye nyavu. Ndege humfuata samaki aliyenasa, naye ananasa. Ukikuta mmoja akiwa hai, fanya hivi. Mtupie kitenge au shati afunikwe kichwa na mabawa yote, kwa sababu gizani hutulia. Mkamate kwa nyuma, mkono mmoja ushike kichwa mahali taya zinapoanzia, mwingine ukumbatie mwili huku mabawa yamekunjwa. Uso wako uwe mbali, maana hupiga kwa mdomo akilenga kinachong'aa, na kinachong'aa ni jicho lako. Huenda akakutapikia samaki. Mwache atapike, anajipunguzia mzigo.

Usimfunge mdomo kwa kamba au mpira, jambo ambalo watu hulifanya wakidhani wanajilinda. Mnandi mzima tundu zake za pua zimeziba, yeye hupumulia mdomoni, na ukiufunga atakufia mkononi ukiwa unamsaidia. Mshike kichwa tu, mdomo uachie uwazi kidogo. Nyuzi usizivute, kata moja moja kwa mkasi, ukianzia shingoni, kisha bawani. Uzi wa nailoni huzama chini ya manyoya usionekane, kwa hiyo pitisha kidole kinyume na malaika yake hadi uhakikishe hakuna uliobaki. Kama ni ndoano, usiirudishe ilikotokea. Isukume mbele ncha itokeze, kata ncha kwa koleo, ndipo uitoe. Ndege aliyekatika sana au asiyeweza kusimama, mtie kwenye boksi lenye matundu, bila maji wala chakula, umpeleke kituo cha elimu ya wanyamapori cha hapa Entebbe. Mzima mweke juu ya jiwe ufukweni, si majini, maana manyoya yamelowa na kuvurugika. Atakaa, atajinyoosha, ataondoka akitaka.

Mengineyo

Usiingize miguu kwenye maji ya ghuba iliyotulia yenye majani, hata kama watoto wanaoga. Konokono wa kichocho hupenda pale pale minandi wanapopenda, na kupanda mtumbwi bila kulowa ni suala la kumwomba nahodha alete ubavu wa mtumbwi kwenye jiwe. Ukishalowa, nenda kliniki useme ulikuwa ziwani. Mamba wapo, viboko wapo, na mafunjo yanayotikisika bila upepo tunayazunguka kwa mbali.

Darubini inayokuza mara 8 inatosha. Ya mara 12 juu ya mtumbwi itakutia kizunguzungu. Lete kitambaa kikavu cha kufuta matone, maji ya kunywa, na noti ndogo ndogo kwa sababu hakuna mtu mwenye chenji saa kumi na mbili asubuhi. Bei ielewane kabla, na ulize kama mafuta yamo.

Jioni pia kuna kazi, kwa anayeweza kukaa. Jua likishuka minandi hurudi kwenye miti ya kulala, safu baada ya safu, na hilo hulitazama mtu akiwa nchi kavu bila kulipa hata shilingi. Kuanzia Oktoba hadi Machi nenda Lutembe, ambako buabua bawa-jeupe waliotoka Ulaya na Asia hujaa kwenye fungu la mchanga hadi ushindwe kutofautisha mchanga na ndege, na minandi wamesimama katikati yao.

Anayeogopa ziwa kubwa, na siwalaumu, aende magharibi, Hifadhi ya Queen Elizabeth, apande boti ya Mweya kwenye Mfereji wa Kazinga unaounganisha ziwa George na ziwa Edward. Boti ni kubwa, maji hayana wimbi, na nahodha huzungukia kule mfereji unakoingia Edward. Abiria wote watakuwa wamehamia upande wenye tembo. Wewe kaa ubao wa upande wa fungu la mchanga, uliko na mwari, viboko, na kidari-cheupe wengi kuliko utakaowaona kwetu wiki nzima.